Barua kwa Mama: Kumwandaa Baba kwa Siku ya Hukumu

Roma, 20 Oktoba

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na Baba mfikishie shikamoo yake. Wadogo zangu wote nawasalimu.

Kwenye simu uliniuliza Baba ajiandaeje, maana anasema siku zake zimekwisha na anaiogopa hukumu. Jambo hili halisemwi kwa salio la dakika tano, kwa hiyo naandika. Kaka amsomee taratibu, asiruke.

Kwanza mwondoleeni hofu isiyo yake. Kanisa linafundisha hukumu mbili. Moja ni ya kila mtu peke yake, papo hapo anapokufa. Nyingine ni ya wote, Kristo atakapokuja "kuwahukumu wazima na wafu" kama tunavyosali. Siku hiyo ile ya kwanza haibatilishwi, inawekwa wazi mbele ya watu wote. Kwa hiyo Baba asihangaike na wahubiri wa redioni wanaohesabu dalili za mwisho wa dunia. Siku wala saa haijui mtu, iko katika Mathayo 24:36. Waliodai kuijua tumeona walikowapeleka watu: Kanungu kule Uganda, Machi 2000, waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, Shakahola kule Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao walioshurutishwa kufunga kula hadi kufa. Baba akitaka kufunga, mwambieni sheria ya Kanisa ya kufunga huanza mtu akitimiza miaka 18 na hukoma akitimiza 59. Yeye anywe uji wake.

Halafu mkumbusheni kuwa mtihani huu umeshavuja. Maswali yote yako Mathayo 25, kuanzia mstari wa 31: njaa, kiu, mgeni, uchi, ugonjwa, kifungo. Angalieni vizuri walio upande wa kushoto wanashtakiwa nini. Hawaambiwi mliiba au mliua. Wanaambiwa "hamkunipa", "hamkunikaribisha", "hamkuja kunitazama". Ndiyo maana katika sala ya Nakuungamia tunataja mawazo, maneno, vitendo, na pia kutotimiza wajibu. Wazee wengi wakitafuta dhamiri, yaani wakijichunguza kabla ya kuungama, wanazichambua zile tatu za mwanzo, ya nne wanaipita kama kichochoro. Baba aanzie hapo. Mjane wa jirani alikosa zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, nani alinyamaza? Kijana wa kukata majani ya ng'ombe anadai ujira wa miezi mingapi?

Kutafuta dhamiri kusifanyike usiku, akiwa na usingizi na maumivu. Asubuhi baada ya chai, nusu saa inatosha, kwa siku tatu au nne. Achukue Amri Kumi na kupitia maisha kwa vipindi: ujana kabla ya ndoa, miaka ya kazi, miaka hii ya uzee. Akiandika karatasi, ichomwe baadaye, isiachwe chini ya mto.

Kinachofuata ndicho watu wanakikwepa. Kuungama wizi bila nia ya kurudisha ni kumchezea Mungu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne; Baba anadaiwa kiasi kile kile alichochukua. Kama masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, yalisogezwa, yarudishwe yakiwa hai, mbele ya wazee wa pande zote mbili, watoto wasije wakarithi kesi. Anayedai akiwa amekufa, walipwe warithi wake. Wasipopatikana kabisa, kiasi hicho wapewe maskini. Na kwa yule ambaye hawasalimiani, kuna jani la isale lenyewe: kwetu mtu akiletewa isale kuombwa msamaha, ni vigumu sana kukataa. Baba hawezi kutembea, basi Kaka alipeleke kwa jina lake. Jirani akikataa hata hivyo, Baba ametimiza wake.

Sasa kitubio, sakramenti ya kuungama. Haifai kwa simu wala kwa ujumbe; muungamaji na padre lazima wawe pamoja. Padre akifika, tokeni nje wote, wewe Mama pia, na redio izimwe, maana Baba hasikii vizuri na atapaza sauti. Aseme ameungama mara ya mwisho lini, halafu dhambi za mauti, yaani zile nzito, kwa aina na idadi. Asipokumbuka, akadirie: "karibu kila mwezi kwa miaka kama mitano." Kusema tu "nimekosa kwa mawazo na maneno" hakutoshi. Makosa ya mashemeji ayaache, hayo wataungama wenyewe. Akisahau dhambi bila kukusudia, imeondolewa pamoja na nyingine, ataitaja safari ijayo. Akificha makusudi hata moja tu ya mauti, kitubio chote kimeharibika, na itabidi arudie zote tangu ungamo lake la mwisho lililokuwa zuri. Kinachowafunga wazee midomo mara nyingi ni aibu mbele ya padre kijana mwenye umri wa mjukuu. Kama ndivyo, mwombeni paroko atume padre mwingine. Si dhambi kuomba hivyo. Baba arudie pia Sala ya Kutubu, "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako", aisome kila jioni kuanzia leo, ili siku akili ikichoka ulimi uwe bado unaijua njia.

Mpako wa Wagonjwa msiungoje. Nyumba nyingi padre huitwa mgonjwa akiwa anakoroma, kwa sababu watu wanadhani mafuta yanaleta kifo. Mpako ni kwa anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au kwa uzee, akiwa bado anaweza kuitikia Amina, na unarudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Padre humpaka kwenye paji la uso na mikononi. Katekista hawezi, shemasi hawezi, mimi mtawa siwezi. Ni padre peke yake. Na aliyekwisha kufa hapakwi, anaombewa. Mkiwa na shaka kama roho imetoka, mwiteni padre hivyo hivyo, atampaka.

Andaeni meza ndogo karibu na kitanda: kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka, glasi ya maji safi na kijiko, pamba ya kufutia mafuta. Mpangilio ni kitubio, mpako, kisha Komunyo, ambayo saa hiyo ndiyo masurufu ya njiani. Ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimhusu mgonjwa wala mzee, wala ninyi mnaomuuguza. Mwambieni padre mapema kama Baba anapata shida kumeza, atampa kipande kidogo sana na maji kwa kijiko. Namba ya paroko isikae kwenye simu ya Kaka peke yake, iandikwe ukutani, na mwenyekiti wa jumuiya awe nayo.

Saa yenyewe ikifika na padre yuko mbali, mpeni msalaba mkononi. Kanisa linamjalia rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu za dhambi zilizokwisha kusamehewa, saa ya kufa mtu mwenye majuto aliyezoea kusali maishani mwake, hata kama padre hakuwahi kufika. Mtu asiyeongea anaweza kuwa anasikia, kwa hiyo msijadili jeneza mbele yake. Semeni rozari polepole. Huku Roma, katika mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Michelangelo uliokamilika mwaka 1541, kuna watu wawili wanavutwa kwenda juu wakiwa wameshikilia rozari tu. Baba ataipenda hiyo.

Mdogo wangu wa mwisho, hili ni lako. Unamsindikiza Baba kwenye sakramenti huku ndoa yako haijafungwa kanisani, na unasema unasubiri hela ya sherehe. Ukumbi si sehemu ya sakramenti. Inahitajika ridhaa yenu, padre, mashahidi wawili na vyeti vya ubatizo. Misa ya asubuhi inatosha, na chai ya Mama.

Nitapiga simu Jumapili baada ya Misa ya pili. Baba asiwe amelala, na huyo mdogo wangu asiwe ametoka.

Wako katika Kristo,
Binti yako