Bonde la bustani lirudishiwe maji yake, lisijengewe bwawa la saruji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mpango wa kurudisha ardhi oevu katika bustani ya mtaa wetu. Nilifundisha biolojia hadi nilipostaafu, na nyumba yangu inatazamana na kile kibonde ambacho maji hutuama kila mvua inaponyesha. Mpango wenyewe naunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni mchoro uliobandikwa langoni: kingo za saruji zilizosimama wima, samaki wa mapambo, na nyasi zilizofyekwa hadi majini. Hilo ni karai kubwa.

Ardhi oevu huishi kwa maji kupanda na kushuka. Ukingo unatakiwa uteremke polepole, mafunjo na matete yapate kila moja kina kinacholifaa, na chura mchanga aweze kutoka majini. Kiangazi maji yakipungua, hata yakikauka kabisa, tusikimbilie kufungua bomba. Ukavu huo huwazuia samaki wasitawale, na pasipo samaki, viluwiluwi vya vyura na lava wa kereng'ende, yaani watoto wake wanaoishi majini, hupata kukua. Basi hao samaki wa mapambo tusiwaweke kabisa.

Majirani wanahofia mbu, na wana haki. Penye joto, mbu huweza kutoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku kumi hivi, na mtaro ulioziba au tairi kuukuu humtosha, kwa kuwa humo ni nadra kukuta wa kumla. Mbu akiwa bado kiluwiluwi, huliwa na lava wa kereng'ende. Ila wawindaji hao hawaji siku moja, kwa hiyo msimu wa kwanza maji kidogo yachotwe kila wiki na kukaguliwa kama yana viluwiluwi vya mbu.

Kazi ianze na mabomba yaliyofukiwa chini ya nyasi kuondoa maji. Yazibwe. Wala tusiletewe malori ya udongo wenye mbolea, maana mbolea hulisha mwani. Katika tope la zamani huenda zimelala mbegu za mimea ya majini. Tungoje msimu mmoja tuone kitakachoota, ndipo tununue miche.

Kuhusu usalama wa watoto, Singapore wametuonyesha njia. Katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio walivunja mfereji wa zege wa kilomita 2.7 na kuuacha mto Kallang upinde kwa kilomita 3.2, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Watu hushuka hadi majini, na mto unapoanza kujaa ving'ora na taa huwaonya.

Mchoro wetu bado ni karatasi tu. Nawaomba wahusika waitishe mkutano kabla tingatinga halijaingia, na ufanyike palepale kibondeni, mara tu baada ya mvua, kila mtu aone maji yanakotoka na yanakotaka kukaa.

Mwalimu mstaafu,
Jirani wa bustani