Urea yenye kiongeza ishindanishwe na urea iliyofukiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie urea yenye viongeza vya kuzuia upotevu wa naitrojeni, ambayo wakulima wa mahindi huonyeshwa kwenye mashamba darasa. Viongeza hivi vina sayansi ya kweli nyuma yake. Tatizo liko kwenye namna ya kuvipima.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu, kimeng'enya cha yurease, kilichojaa udongoni na zaidi kwenye mabaki ya mazao, huigeuza kuwa amonia, na sehemu yake hupotea hewani. NBPT, kiongeza cha aina ya kwanza, hukichelewesha kimeng'enya hicho kwa wiki moja au mbili, ili mvua ipate muda wa kuizamisha urea. DCD, DMPP na nitrapyrini ni viongeza vya aina ya pili, na kazi yao ni nyingine: huwapunguza kasi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitreti, ambayo ndiyo inayosombwa na maji hadi chini ya mizizi. Kwa hiyo NBPT haitamwokoa mwenye shamba la kichanga linalopigwa na mvua kubwa, na DCD haizuii amonia kuruka. Huweza hata kuizidisha, kwa kuwa amonia hukaa udongoni muda mrefu zaidi. Anayepima aseme kwanza anapima kipi, na dhidi ya upotevu upi.

Kosa linalojirudia ni kiwango. Vitalu viwili kando ya barabara, vyote vimewekwa mbolea kwa wingi, kisha wageni wanaulizwa kipi kina kijani zaidi. Mahindi yaliyokwisha kushiba naitrojeni hayawezi kuonyesha faida ya kuokoa naitrojeni. Tofauti huonekana pale ambapo mmea bado una njaa. Ndiyo maana jaribio linahitaji viwango vitatu, tuseme kilo 30, 60 na 90 za naitrojeni kwa hekta, pamoja na kitalu kisichowekwa naitrojeni kabisa. Bila kitalu hicho huwezi kukokotoa ufanisi, ambao ni mavuno ya kitalu chenye mbolea, kutoa mavuno ya kitalu kitupu, kugawa kwa kilo za naitrojeni ulizoweka.

Kila kiwango kiwekwe kwa njia tatu: urea ya kawaida juu ya udongo, urea yenye kiongeza juu ya udongo, na urea ya kawaida iliyofukiwa sentimita 5 hivi kwa jembe. Hii ya tatu ndiyo huachwa mara nyingi, nayo ndiyo mpinzani halisi wa kiongeza, kwa sababu kufukia huzuia sehemu kubwa ya gesi. Ujerumani, tangu 2020, humtaka mkulima atumie urea yenye kizuia yurease au aifukie ndani ya saa nne. Sheria yao imeviweka viwili hivyo kwenye mizani moja. Kwa nini sisi tukipime kimoja tu?

Viwango vitatu kwa njia tatu, pamoja na kitalu kitupu: hapo una vitalu kumi. Virudie mara nne, upange vitalu vya kila kundi la kumi kwa kupiga kura, na makundi yakingame mteremko. Kitalu cha mistari sita, sentimita 75 kati ya mistari na urefu wa mita 5, kina mita za mraba 22.5. Kwa kiwango cha kilo 60 za naitrojeni kwa hekta kinahitaji gramu 293 za urea, yaani gramu 49 kwa kila mstari. Tumia mizani, kizibo cha soda kiache kwa kazi za kawaida. Pandia kwa TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni, usitumie DAP, kwa sababu DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni na itakiharibu kitalu kitupu. Acha njia ya mita moja na vituta ili maji yasihamishe mbolea ya jirani. Vuna mistari minne ya kati, ukiacha nusu mita kila mwisho: ni mita za mraba 12. Pima unyevu wa punje na urekebishe uzito wote hadi asilimia 13.5. Kilo 5.4 zenye unyevu wa asilimia 20 ni sawa na kilo 4,162 kwa hekta. Asiyerekebisha ataandika 4,500.

Kipima mvua kisikose. Zikinyesha milimita 15 jioni ya siku uliyoweka mbolea ya kukuzia, NBPT haitakuwa na la kuokoa, na bila rekodi ya mvua mtu atasema dawa ni mbovu. Joto la ghala nalo huidhoofisha NBPT, na tindikali vilevile, kwa hiyo mfuko uliochanganywa na TSP, ambayo ina tindikali, au uliokaa muda mrefu chini ya bati la moto haufai kwa jaribio. Kuchanganya mwenyewe kwa koleo ni hatari zaidi: mfuko mzima unahitaji gramu 25 hadi 50 tu za NBPT, na zisipoenea sawasawa unapima uchanganyaji wako.

Uchambuzi wa majaribio mengi ya dunia uliochapishwa 2014 ulikuta viongeza hivi vikiinua mavuno kwa wastani wa asilimia 7.5. Shamba moja lenye marudio manne, na mtawanyiko wa kawaida wa mavuno kati ya vitalu wa asilimia 15, haliwezi kutofautisha na bahati nasibu tofauti yoyote ya mavuno iliyo chini ya moja ya tano hivi. Yanahitajika angalau mashamba manane, kwa misimu miwili au zaidi. Tangazo la "mavuno juu kwa asilimia 8" lililotoka kwenye shamba darasa moja halijathibitisha kitu.

Halafu bei. Kilo moja ya naitrojeni ikileta kilo 20 za mahindi, mfuko mmoja unaleta kilo 460. Kiongeza kikiinua ufanisi huo kwa asilimia 10, ni kilo 46 za ziada. Wauzaji waweke kwenye jedwali moja nyongeza ya bei ya mfuko, bei ya kilo hizo 46 shambani msimu wa mavuno, na ujira wa kibarua wa kufukia ekari moja.

Mtafiti wa rutuba ya udongo,
Mbeya