Damu mpya isiyo mpya

Mhariri,

Katika mazizi ya farasi ya Njoro, Molo na Gilgil kuna maneno mawili yanayotolewa kama dawa ya kila ugonjwa: damu mpya. Jike hashiki mimba, leta damu mpya. Mtoto katoka na miguu mibovu, leta damu mpya. Farasi kavuta mkia kwenye uwanja wa mbio wa Ngong mara tatu, leta damu mpya. Ushauri wenyewe si mbaya. Kasoro ni kwamba dume anayeuzwa kwa jina hilo mara nyingi ni binamu wa majike wanaomsubiri, ila yeye alikuja kwa ndege.

Kabla ya kulipa ada ya kupandisha, chukua karatasi ya nasaba ya jike na ya dume, uzitandaze mezani sambamba. Usitosheke na baba na babu. Vizazi vitano vya mtoto atakayezaliwa vina majina 62: wazazi 2, halafu 4, 8, 16 na 32. Tafuta jina linalotokea upande wa baba na upande wa mama, kisha hesabu liko kizazi cha ngapi kila upande. Jumlisha, toa moja, halafu kata nzima moja kuwa nusu mara hizo, upate kiwango cha undugu katika damu ya mtoto. Jina lililo kizazi cha tatu huku na cha tatu kule: tatu na tatu sita, toa moja tano, nusu mara tano ni 1/32, yaani asilimia 3.1. Jina la kizazi cha pili huku na kule, ndiyo kusema umepandisha farasi wawili waliochangia mzazi mmoja, ni asilimia 12.5. La nne kwa la nne halifiki hata asilimia 1. Majina yakiwa kadhaa, kila moja lihesabiwe peke yake kisha yajumlishwe. Kalamu na nusu saa zinatosha, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na miezi kumi na moja ya mimba.

Mfano ulio wazi ni farasi wa mbio Frankel, aliyezaliwa Uingereza 2008 na kushinda mbio zote 14 alizokimbia. Baba yake ni Galileo, mama yake ni Kind, binti wa Danehill. Ukiyasoma majina hayo, Galileo na Danehill, utasema ni koo mbili. Panda juu kidogo. Galileo ni mwana wa Sadler's Wells, na Sadler's Wells ni mwana wa Northern Dancer. Danehill ni mwana wa Danzig, na Danzig naye ni mwana wa Northern Dancer. Mzee ni yule yule, kizazi cha tatu kwa baba na cha nne kwa mama, asilimia 1.6 kwa jina hilo pekee. Hapo ilikuwa dozi ndogo, tena ya damu inayojulikana, na matunda yake kila mtu aliyaona. Lakini mfugaji wa hapa anayenunua mjukuu wa Galileo awapandishe mabinti wa ukoo wa Danehill, akidhani ameunganisha koo za mbali, amejidanganya kwa fedha zake mwenyewe. Northern Dancer alizaliwa Kanada 1961, na leo ni kazi kumpata Thorobredi, yaani farasi wa mbio wa nasaba safi, asiye na jina lake mahali fulani kwenye karatasi.

Chanzo cha kosa hili ni kwamba farasi tunawahesabia ukoo wa baba tu. Wazee wa Kiluhya hawaozeshi hivyo: kabla ya posa huuliza ukoo wa baba na ukoo wa mama. Kwa Thorobredi mstari wa baba hausemi mengi, kwa sababu ukiwafuata wote baba kwa baba unaishia kwa madume watatu tu, Darley Arabian, Godolphin Arabian na Byerley Turk, na zaidi ya tisa kati ya kumi wanaishia kwa Darley. Mama wa babu mzaa mama ana uzito ule ule alio nao baba wa babu mzaa baba. Tofauti ni kwamba mama huyo hakuna anayemtaja kwenye tangazo.

Haya, tuseme umepata koo zilizo mbali kweli, hakuna jina la pamoja ndani ya vizazi vitano. Utapata nini? Utapata kile ambacho uchotara hutoa kwa mnyama yeyote: majike wanaoshika mimba kwa urahisi zaidi, watoto wanaosimama na kunyonya upesi, miili inayostahimili. Usitegemee zaidi ya hapo. Tabia zinazorithiwa kwa nguvu, kama kimo na umbo la mifupa, hazinufaiki sana na uchotara. Kipaji cha kuruka kiunzi cha sentimita 140 hakitokani na umbali wa koo bali na wazazi waliokwisha kukiruka, au walau waliozaa wanaokiruka. Ukichanganya koo mbili dhaifu utapata dhaifu mwenye afya njema.

Watu wa Kitale hawahitaji kufundishwa habari ya kizazi cha pili. Mahindi ya H611, yaliyotolewa 1964, yalitokana na kuoanisha Kitale Synthetic II ya hapa na Ecuador 573 iliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini. Mkulima anayeweka punje za chotara ili apande tena msimu unaofuata anajua kitakachotokea: mabua marefu yamesimama na mafupi, na magunia yamepungua. Kwa farasi ni vivyo hivyo, tena kwa ukatili zaidi kwa sababu unaotesha mche mmoja kwa mwaka. Chotara wa kwanza wa Thorobredi na farasi mzito wa Ulaya huwa wanafanana na mara nyingi ni wazuri: kifua kipana, akili tulivu, pumzi ya mbio. Mpandishe chotara huyo na chotara mwenzake, na tabia zinatawanyika. Hapo ndipo huzaliwa mwili wa farasi wa mkokoteni juu ya miguu ya farasi wa mbio, na daktari anaanza kuitwa kwa kano zilizovimba kabla mnyama hajafikisha miaka sita.

Kwa hiyo uamuzi kuhusu mjukuu hufanywa kabla mtoto hajazaliwa. Binti chotara akiwa mzuri, ama arudishwe kwa ukoo ulio bora kati ya ile miwili, ama apelekwe kwa ukoo wa tatu. Kuzungusha koo mbili kwa zamu hubakiza takriban theluthi mbili ya nguvu ya uchotara. Kuzungusha koo tatu hubakiza asilimia 86 hivi. Kwa nchi yenye farasi wachache kama yetu, mimi ningeshikilia koo tatu, hata kama ya tatu inabidi iletwe kwa mrija wa mbegu iliyogandishwa. Wajapani walilijua hili wakiwa na farasi wengi kuliko sisi mara nyingi. Sunday Silence, Mmarekani wa 1986, aliwazalia mabinti wengi kiasi kwamba walihitaji madume wasio na damu yake. King Kamehameha alikuwa mmoja wao, na Duramente, aliyeshinda Derby ya Japani 2015, ni mwanawe kwa binti wa Sunday Silence.

Kuhusu kuchagua dume, anza na kasoro za jike wala si sifa za dume. Kosa halisahihishwi kwa kosa la upande wa pili. Jike mwenye goti lililorudi nyuma hapewi dume mwenye goti lililosukumwa mbele ati mtoto atoke katikati. Huwezi kutegemea atoke katikati; anaweza kutoka na moja ya hayo mawili, na wakati mwingine kila mguu na lake. Mpe dume mwenye goti lililonyooka, na ikiwezekana ambaye mama yake pia ana goti lililonyooka. Ukubwa wa dume usiwatishe wenye majike wadogo wa polo kupita kiasi: jaribio la Cambridge lililochapishwa 1938, la kuchanganya Shire, farasi mkubwa wa kazi, na Shetland, farasi kibeti, lilionyesha kwamba mtoto huzaliwa kwa kipimo cha tumbo la mama. Atakavyokua baadaye ndiyo hesabu nyingine.

Kuna jambo ambalo mchanganyiko wa koo huficha bila kuliondoa. Magonjwa ya kurithi yanayohitaji nakala mbili za jeni mbovu hayaonekani kwa mbebaji, mwenye nakala moja tu. Wabebaji wawili wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne huugua, wawili hubeba, mmoja husalimika. Kwa farasi wa Kiarabu kuna ukosefu wa kinga: mtoto huzaliwa mzima kwa macho, kinga ya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ikiisha anashikwa na nimonia, na kwa kawaida hafiki miezi sita. Kwa farasi wa michezo wa Ulaya kuna ugonjwa wa ngozi dhaifu inayochanika, na mimba nyingine huharibika mapema. Ukipandisha mbebaji na ukoo wa mbali usio na jeni hiyo, hakuna mtoto atakayeugua, lakini nusu yao watabeba. Miaka minane baadaye mtu anakutanisha wajukuu wawili na kulaumu malisho. Kipimo ni nywele ishirini au thelathini za shingoni, zilizong'olewa pamoja na mizizi. Nywele hizo hizo zinathibitisha nani ni baba, jambo ambalo si la kudharau pale ambapo ua kati ya malisho mawili ni waya tatu.

Sasa mbegu. Thorobredi wa mbio lazima apandwe na dume mwenyewe. Mtoto wa mrija haandikishwi kwenye daftari la Thorobredi popote duniani. Farasi wa viunzi na wa polo hawana kizuizi hicho. Nakuru ina mitungi ya naitrojeni ya kuhifadhia mbegu na wahimilishaji hodari kwa sababu ya ng'ombe wa maziwa, na umahiri huo huo ndio mtego. Ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi huwekewa mbegu jioni, kwa kuwa yai lake hutoka baada ya joto kwisha. Farasi jike hukaa kwenye joto siku 5 hadi 7, na yai hutoka siku moja au mbili kabla joto halijaisha. Anayesubiri joto lishuke amekwisha kuchelewa.

Tena mbegu iliyogandishwa ikishayeyuka haidumu. Iwekwe katika muda usiozidi saa 12 kabla ya yai kutoka, au saa 6 baada yake. Hilo halikisiwi kwa kumtazama jike anavyoinua mkia. Daktari ampime kwa ultrasaundi kila siku. Kifuko cha yai kikifika milimita 35 na mji wa mimba ukionyesha uvimbe wa joto, adungwe homoni ya hCG, uniti 1,500 hadi 2,500. Yai hutoka baada ya saa 36 hadi 48 hivi, na kadiri muda huo unavyokaribia apimwe kila baada ya saa 6, usiku ukiwemo. Asiyekuwa tayari kwa usiku huo atumie dume. Dozi ya ng'ombe ni mrija mmoja. Ya farasi mara nyingi ni mirija 8 ya nusu mililita, na inatakiwa iwe na mbegu milioni 250 zinazoogelea mbele. Kuyeyusha ni maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30, isipokuwa kituo kilichogandisha kimeandika vingine, na hapo fuata karatasi yao wala si mazoea. Apimwe mimba siku ya 14 hadi 16 baada ya yai kutoka. Wakionekana pacha, mmoja abinywe kabla ya siku ya 16; pacha wa farasi wakiachwa kwa kawaida hupotea wote wawili, na mara nyingine mama hufuata.

Ukiamua kuleta dume mzima, mlete wakati wa kiangazi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi, nao hujaa baada ya mvua. Mgeni hana kinga, kwa hiyo achanjwe mapema, aingizwe bandani kabla ya jua kutua na asitolewe hadi lichomoze, na madirisha yawe na wavu wa matundu madogo kuliko ule wa mbu. Baridi ya Molo husaidia kidogo. Joto la kando ya ziwa huko Kisumu halisaidii hata kidogo. Na ujue kwamba kumrudisha Ulaya si rahisi kama kumleta, kwa sababu ya ugonjwa huo huo.

Ombi langu kwako, Mhariri, linahusu kurasa zako za matangazo. Matangazo ya madume wa kupandisha huwa na picha, jina la baba, ada na nambari ya simu. Wanaotangaza watakiwe kuongeza mistari minne: majina ya mababu na mabibi wote wanne, kimo kwa sentimita, majibu ya vipimo vya magonjwa ya kurithi, na idadi ya majike waliopandwa msimu uliopita pamoja na walioshika mimba. Mistari hiyo haizidi upana wa kidole gazetini.

Mfugaji wa farasi,
Njoro, Kaunti ya Nakuru