Kambi ya Jumamosi: muda umebadilika

Wazazi wenzangu, habari za leo? Safari iko palepale, ila tukutane getini saa 4 asubuhi, si saa 8 mchana. Tusimamishe mahema kabla watoto hawajaanza kulilia usingizi.

1. Kila familia: chandarua, maji lita 10, nguo za baridi.
2. Kichanga alale chali, godoro lisilobonyea, bila mto. Mzidishieni nguo, si blanketi.
3. Jiko la mkaa au gesi lisiingie hemani, hata kwa kupasha moto tu. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na inaua. Hapa sibembelezi mtu.

Wanaotambaa, hema zao mbali na moto. Wanaokoroma, mtajijua!

Thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, mkitaja umri wa watoto. Asanteni.