Bunduki ya marehemu iko wapi?

Mheshimiwa Mhariri,

Kila inapozuka habari ya silaha hapa Unguja au kule Pemba, dawa inayopendekezwa ni moja: leseni zibanwe. Hatuna ugomvi na hilo. Ila anayeomba leseni ni mtu anayejulikana. Ombi lake linapita kwa sheha, kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi kabla halijaamuliwa. Mwanya uko mbele zaidi, bunduki ikishakaa ndani ya nyumba miaka 20 au 30, mwenyewe kazeeka, halafu kafariki. Siku ile watu wanahangaika na sanda na kaburi. Nani atauliza bunduki iko wapi, na ndani yake mna nini?

Leseni ni ya mtu kwa jina lake na ya bunduki kwa namba yake. Hairithiwi kama shamba la mikarafuu. Warithi wana haki yao katika thamani ya bunduki, lakini kukaa nayo kunataka mmoja wao aombe upya na akubaliwe. Hapo katikati, mahali pake ni ghala la silaha la polisi, si kabatini kwa kaka mkubwa "mpaka tukae tuzungumze". Mazungumzo ya mirathi tunayajua yanavyokwenda.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo watungaji wa kanuni aghalabu hawalitazami. Bunduki nyingi hulala chumbani, juu ya kabati au uvunguni. Mjane akiingia eda, chumba kile hakiingiwi ovyo na wanaume kwa miezi minne na siku kumi, na yeye mwenyewe hawezi kuambiwa afunge safari ya kituoni. Kwa hiyo bunduki inabaki palepale, na wajukuu wanaingia kwa bibi yao wakati wowote. Tunapendekeza hivi: ndani ya siku tatu za matanga, mtoto au ndugu wa marehemu amuarifu sheha, sheha apige simu kituoni, kituo kitume askari wa kike pamoja na mwenzake anayejua silaha, wakabidhiwe bunduki, risasi zote na kitabu cha leseni kwa pamoja. Risasi ndizo zinazosahauliwa. Mtu anakabidhi bunduki, na pakiti mbili za risasi zinabaki kwenye mtoto wa meza.

Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana pamoja na Mahakama za Kadhi, ambako mirathi hupita, zinaweza kusaidia kwa swali moja linaloulizwa waziwazi wakati wa kuorodhesha mali: marehemu alikuwa na silaha? Ikiachiwa iingie kwenye "vyombo vya ndani", humezwa na makabati na mazulia.

Mpaka askari afike, asiyeijua asiiguse. Chumba kifungwe na ufunguo akae nao mtu mzima mmoja. Ikiwa hapana budi isogezwe, basi iaminike kuwa imejaa hadi ithibitike vyengine: mtutu uelekee chini kwenye ardhi, kidole kikae mbali na kifyatulio, watoto watolewe nje. Kisha inategemea ni ya aina gani.

Ya marisau (chembe ndogo za risasi) yenye mitutu miwili, ile wengi wanayoiita shotigani, hufunguka kwa kusukuma kulia kikono kilicho juu, nyuma ya mitutu. Inakatika katikati na matundu mawili yanaonekana. Kukiwa na risasi, utaona kitako chake cha shaba. Ikitoka kwa vidole, sawa. Ikigoma kwa kutu au kwa ganda la karatasi lililovimba, isichokolewe kwa bisibisi wala isisukumwe na kijiti kutoka mbele. Iachwe wazi hivyohivyo, maana bunduki iliyokatika haiwezi kulia.

Ya pampu inadanganya zaidi. Chini ya mtutu ina mrija unaobeba risasi nne au zaidi, na tundu la juu likiwa tupu si ushahidi kwamba mrija nao ni mtupu. Kila mkono wa mbele unapovutwa nyuma na kurudishwa, nyengine inapanda. Mtu anatoa moja, anatosheka, anavuta kifyatulio "kuhakikisha", na hapo ndipo dari linapotoboka, likiwa ni dari tu.

Gobore ndilo baya kuliko yote, kwa sababu hujazwa kwa mbele na hakuna tundu la kuchungulia. Wengine hulitundika ukutani kama pambo la ukumbi. Kipimo chake ni mdeki, ule ufito wa kushindilia: uteremshwe taratibu ndani ya mtutu, bila kugongagonga na bila uso wa mtu kuwa mbele ya mdomo wake, utiwe alama ulipofikia mdomoni, kisha utolewe na ulazwe juu ya mtutu kwa nje. Kama ncha yake inaishia vidole vitatu au vinne kabla ya kufika ilipo fataki, kile kiwashio cha nyuma, ndani kuna kitu. Baruti nyeusi iliyokaa kavu haifi kwa uzee. Fataki kama ipo iondolewe, na kazi ya kulitoa shehena aachiwe fundi wa silaha wa polisi.

Tukirudi kwa walio hai, sefu ya chuma ndiyo inayosifiwa, na ni sawa, lakini jinsi inavyofungwa kwenye nyumba zetu ni kichekesho. Kuta za zamani za Mji Mkongwe na za majumba mengi ya shamba ni mawe ya matumbawe na chokaa. Nati ya kutanuka inayoshika barabara kwenye zege haina cha kushika humo. Chokaa kinasagika kuwa unga, na mtu mwenye mtaimbo anaing'oa sefu nzima kwa dakika chache na kuondoka nayo. Ukuta wa aina hiyo unatobolewa upande hadi upande, bolti ya milimita 12 ipite, na upande wa pili iwekwe bamba la chuma chini ya nati. Nyumba ya matofali ya saruji ni rahisi zaidi, lakini bora kuliko ukuta wowote ni sakafu ya zege: bolti nne, zote zikazwe kutokea ndani ya sefu. Risasi zikae kasha jengine lenye ufunguo wake. Asiye na uwezo wa sefu, akiwa na bunduki ya mitutu miwili, avue kile kipande cha ubao cha mbele kinachoshika mitutu na akiweke mbali, chini ya kufuli. Bila hicho, mwizi ameiba mabomba mawili na gogo.

Bahari nayo ina sehemu yake. Kwenye masika, na miezi ya kusi kwa nyumba zilizoelekea pwani, bunduki iliyofungwa ndani ya mfuko wa turubai au ngozi hushika kutu kwa kipindi kifupi cha kushangaza, kwani mfuko unafyonza unyevu na kuulaza juu ya chuma. Ikae nje ya mfuko, imepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta membamba, mdomo wa mtutu ukielekea chini ili mafuta yasiteremke kwenye ubao wa kitako na kuulainisha. Baada ya kutumika: kitambaa kikavu, brashi ya shaba, kitambaa cha mafuta, basi. Vipakiti vya kukaushia unyevu ndani ya sefu ni vizuri, mradi vikaushwe upya kila vinaposhiba.

Kutu si suala la urembo. Inakula namba. Bunduki ya mitutu miwili ina namba zaidi ya mahali pamoja: kwenye mwili, chini ya mitutu na kwenye chuma cha kipande cha mbele, na zote zinapaswa kulingana. Mkaguzi anayesoma ile ya nje tu hawezi kugundua mitutu iliyobadilishwa. Uhakiki wa silaha uliofanyika nchini 2016 ulikuwa jambo jema, na ukirudiwa hapa visiwani tungependa kila bunduki ivuliwe vipande vitatu mbele ya mwenyewe, jambo la dakika mbili. Hapohapo chini ya mitutu huwa pamepigwa muhuri wa namba ya upana wa mtutu, 12 au nyengine, na urefu wa chumba cha risasi, mara nyingi 65 au 70 kwa milimita. Bunduki za kizamani za Kiingereza nyingi ni za 65. Risasi ya 70 inaingia humo bila kulalamika, kwani urefu unaotajwa ni wa ganda likishafunguka. Shida ni pale linapofunguka na kukosa nafasi, mgandamizo ukapanda.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya namba 20 na namba 12. Risasi ya 20, ambayo ndiyo nyembamba, ikitiwa kwenye mtutu wa 12 inateleza mbele na kukwama ndani, haionekani. Mwenyewe anadhani hakutia kitu, anaongeza ya 12, anapiga. Mtutu unapasuka pale palipo mkono wa kushoto. Ndiyo maana watengenezaji hutia ganda la namba 20 rangi ya manjano. Mfuko mmoja usibebe namba mbili, hata kwa kukopeshana porini. Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekezwa pasipo na mtu kwa nusu dakika nzima kabla ya kufunguliwa. Ikilia kwa sauti dhaifu, kama kikohozi, bunduki ifunguliwe na mtutu uchunguliwe kutokea nyuma, maana huenda kizibo cha ndani ya risasi kimebaki njiani.

Sasa suala la vibali viwili. Polisi ni jambo la Muungano. Misitu si la Muungano, na wanyama wake wanalindwa na Sheria ya Misitu ya Zanzibar Na. 10 ya 1996. Kwa maneno mengine, bunduki iko upande mmoja na paa yuko upande mwengine. Mwenye leseni ya bunduki bado hana ruhusa ya kusasi, na mwenye ruhusa ya kusasi bado haruhusiwi kumgusa paa nunga wala kima punju, wanyama wanaolindwa. Hili wasasi wanalijua. Lakini karatasi mbili hizi hazina budi kusomana: ruhusa ya kusasi ibebe namba ya bunduki itakayotumika na idadi ya risasi, na wakati wa kurudi jumla ilingane. Aliyetoka na 10 arudi na 10, nzima na maganda. Ganda tupu si takataka, maana linaweza kujazwa tena.

Tunayasema haya tukijua kwamba haja ya bunduki ipo. Nguruwe mwitu wakiingia shamba la muhogo au viazi vitamu huko Kusini, asubuhi hakuna cha kuvuna, na mkulima haruhusiwi hata na dini yake kujifidia kwa nyama. Ila nguruwe hupigwa kwa marisau makubwa ya SG, na haya hayafanani na ya ndege. Marisau ya ndege ya namba 6 huishia karibu mita 200. SG yanaweza kupita mita 600. Uwandani, kwenye ardhi ya mawe, ambako kichaka kinaficha wanaokata kuni na jiwe la matumbawe linarudisha risasi pembeni, kupiga kwa kufuata mtikisiko wa majani ni kuua mtu. Mlio wa mbwa si kitambulisho cha mnyama.

La mwisho ni silaha zisizo na karatasi, ambazo nyingine ni za mababu na waliobaki nazo wanaziogopa kuliko wanavyozitaka. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023. Tangazo likirudi, lisomwe na masheha na baada ya sala ya Ijumaa, na lieleze mambo matatu bila kuzunguka: kwamba silaha iachwe ilipo na mwenye nyumba apige simu, asipande nayo daladala wala boti, kwamba ataifuata askari, na kwamba atapewa stakabadhi yenye namba ya silaha, au maelezo yake kama namba imeliwa na kutu, pamoja na idadi ya risasi. Stakabadhi hiyo iwekwe na cheti cha kifo na karatasi za mirathi.

Wasasi wenye leseni,
Wilaya ya Kusini, Unguja