Michango ya harusi isiishie kwenye maboksi ya wiski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumze na wanakamati wa harusi, hasa wa kamati ya vinywaji, kabla msimu wa Desemba haujaanza. Nimefanya kazi ya kaunta katika hoteli za hapa Arusha mpaka nilipostaafu, na sasa kamati za mtaani kwetu huniita zikifika kwenye kipengele cha pombe kali. Ninachokiona kwenye vikao hivyo kinaniuma. Watu wamechanga kwa kujinyima, wengine hata hawanywi, halafu fedha yao inalipia boksi linalong'aa badala ya kilichomo ndani ya chupa.

Wiski ya Uskoti ina sheria yake. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinataka ikenekwe na kuiva huko huko Uskoti, ndani ya mapipa ya mwaloni, kwa miaka isiyopungua 3, na kilevi chake kisishuke chini ya asilimia 40. Hairuhusiwi kuongezwa kitu isipokuwa maji na rangi ya karameli. Kwa hiyo mwanakamati akiinua chupa kwenye mwanga na kusema "hii imekomaa, ona rangi yake", hajathibitisha chochote. Rangi hiyo yaweza kuwa ni karameli tu.

Cha kusoma ni namba. Ikiandikwa miaka 12, maana yake wiski iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa hiyo ilikaa kwenye pipa miaka 12. Johnnie Walker Black Label ina namba hiyo, Chivas Regal 12 inayo, Glenfiddich 12 inayo. Red Label haina. Blue Label nayo, pamoja na bei yake yote, haina namba ya umri. Sisemi ni mbaya, nimeimimina sana na najua ulaini wake, lakini anayewaambia wenzake kwenye kikao kwamba "ile ni ya miaka mingi" anasema jambo ambalo chupa yenyewe haijaandika. Na umri huo husimama siku wiski inapotiwa kwenye chupa. Iliyolala kabatini kwa mjomba tangu 1995 ikiwa ya miaka 12 bado ni ya miaka 12.

Kisha kuna aina. Chupa iliyoandikwa "Single Malt" imetoka kiwanda kimoja na imetengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake. Sisi wa Kilimanjaro na Arusha kimea tunakijua, mbege haitengenezwi bila kimea cha ulezi. Iliyoandikwa "Blended Scotch" ni mchanganyiko wa wiski ya kimea na wiski ya nafaka nyingine kama ngano au mahindi, na ndiyo maana huwa nafuu. Nafuu hapa si matusi. Wageni wengi ukumbini humimina soda juu ya wiski, na ukishatia kola huwezi tena kutofautisha kimea cha shayiri na kitu kingine. Kwa meza za wageni nunueni Grant's, J&B au Ballantine's ya kawaida bila aibu yoyote. Meza kuu, wanakokaa wazee wanaokunywa kavu au kwa tone la maji, ndiko pa kuweka ya miaka 12.

Kwa nini nasisitiza 12 na si 18? Wiski iliyo kwenye pipa hutoka kidogo kidogo kama mvuke. Huko Uskoti hupotea kama asilimia 2 kila mwaka, hivyo kwa miaka 12 karibu moja ya tano ya wiski imekwisha kuondoka kabla haijauzwa, na inayobaki hulipia ghala muda wote huo. Ndiyo sababu bei hupanda sana baada ya hapo. Ya miaka 18 ni nzuri, ila kwa harusi ya watu mia tatu, nikipewa fedha ya chupa moja ya 18, nitarudi na za 12 na mzee mkwe atanishukuru.

Sasa ujazo, ambapo kamati nyingi hupoteza fedha. Kwenye rafu moja utakuta ya mililita 700, mzinga wa 750, na ya lita, zote zikifanana kwa mbali. Gawanyeni bei kwa mililita. Tuseme ya 700 ni shilingi 98,000 na ya lita ni 125,000: ya kwanza ni shilingi 140 kwa mililita, ya pili 125. Kwa toti ya mililita 30, ya 700 inatoa toti 23 na ya lita 33. Tazameni pia kiwango cha kilevi, kwa sababu asilimia 43 na 40 si kitu kimoja kwa mtu anayeongeza maji. Nimeona orodha ya bei ya duka moja ikiwa na safu mbili tu, jina na bei. Hapo mnunuzi atalinganisha nini na nini?

Boksi la zawadi lenye glasi mbili waachieni wanaonunua zawadi. Kwenye harusi boksi linachanwa jikoni kabla mgeni hajaliona.

Na chupa ikiwa rahisi kupita kiasi, msiifurahie haraka. Kagueni stempu ya kodi ya TRA kwa ile programu ya simu ya Hakiki Stempu, tena dukani kabla ya kulipa, na mdai risiti. Kizibo kikizunguka bila kukatika, rudisheni.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo: kwenye kila bei waandike ujazo, asilimia ya kilevi na umri kama upo. Na gazeti lako, Ndugu Mhariri, ambalo hutuwekea bei za mahindi na maharage ya masoko mbalimbali, lingetusaidia sana kama lingeweka na bei za vinywaji vya harusi kwa mililita kuanzia Novemba.

Mhudumu wa kaunta mstaafu,
Sakina, Arusha