Taji la lulu la Diana, na kwa nini lulu zako hatuzitii kwenye mashine

Msimu wa harusi ukikaribia, picha tunayoonyeshwa sana dukani ni ya Catherine, mke wa Prince William, na lile taji la lulu zinazoning'inia. Tunalitengeneza, la fedha na lulu za kufugwa. Ila lijue kwanza.

Lenyewe nalo ni nakala. La kwanza lilikuwa la Princess Augusta wa Hesse, aliyeolewa na Duke wa Cambridge mwaka 1818. Alipofariki, 1889, likaenda kwa binti yake huko Mecklenburg-Strelitz, Ujerumani. Mjukuu wake, Malkia Mary wa Uingereza, alilitamani, lakini liko kwa mama yake mkubwa, atalipataje? Mwaka 1913 akawaagiza Garrard, masonara wa London, wamtengenezee la kwake: mafundo ya almasi, na lulu 19 zikining'inia kwenye matao. Juu palikuwa na safu nyingine ya lulu zilizosimama, ambazo baadaye aliziondoa. Kwangu mimi hapo ndipo lilipopendeza.

Elizabeth II alilirithi 1953, akamwazima Diana alipoolewa 1981. Inasimuliwa kuwa lilimuumiza kichwa kwa uzito, na lulu zilikuwa zikigongana kila akigeuza shingo. Lilirudishwa baada ya talaka ya 1996. Catherine analivaa tangu 2015.

Huko kugongana ndiko kunakotupa kazi sisi. Almasi haikwaruziki kirahisi. Lulu ni chokaa iliyojengwa na chaza, na almasi iliyo jirani yake inaichuna. Ndimu inaila, siki vilevile. Tena mara nyingi haijabanwa na kucha za chuma kama almasi: imetobolewa nusu, ikachomekwa kijiti chembamba chenye gundi. Jasho la ukumbini na joto letu la pwani vikiilegeza ile gundi, lulu inadondoka katikati ya muziki.

Ndiyo maana pete ya almasi tunakuoshea ukisubiri, lakini taji la lulu utaliacha, na bei ni nyingine. Mashine ya mtetemo, ile ya kusafishia vito, hatuitumii. Tunakagua lulu moja moja, iliyolegea tunaitoa, tunakwangua gundi ya zamani, tunaifuta kwa kitambaa chenye unyevunyevu na kuibandika upya. Gundi lazima ikauke, hata bibi harusi akipiga simu mara kumi.

Nyumbani, manukato na dawa ya nywele vitangulie, taji liwe la mwisho kuvaliwa. Ukiona lulu inazunguka kwenye kijiti chake, lilete kabla ya sendofu.